Je, Msuli wa Mgongo Waweza Kuusaidia Moyo Uliochoka?



Katika mkutano wa tawi letu moja la mashamba ya chai huku Toro liliulizwa swali ambalo sisi viongozi hatukuweza kulijibu siku ile. Je, ni kweli kwamba madaktari wa Ulaya huchukua msuli wa mgongo wa mtu, wakauzungushia moyo wake ulio mgonjwa, nao ukafanya kazi pamoja na moyo? Na ikiwa ni kweli, tufanye nini ili mwenzetu apelekwe huko?

Swali hili halikuwa la mchezo. Mwenzetu mmoja, mzee aliyeendesha trekta la shamba kwa miaka mingi, ana ugonjwa wa moyo kushindwa kazi. Miguu inamvimba. Akipanda kilima kidogo tu, pumzi inakatika. Usiku hawezi kulala chali, hulala ameegemea ukuta kwa mito mitatu. Mpwa wake anayefanya kazi Kampala alipata kipande cha jarida la zamani kilichoeleza habari ya msuli huo, akakileta nyumbani. Ukoo ukakaa, ukakubaliana kuuza shamba lake la migomba na ng'ombe wawili. Sisi nasi tulikuwa tumekwisha kuanza kupitisha daftari la mchango. Tunakiri kosa letu: tulichangisha kabla ya kuuliza.

Mwanachama mmoja, mama mchuma chai, ndiye aliyesimama akasema, "Jarida hili ni la mwaka gani?" Hakuna aliyejua. Hapo tukaamua kusimamisha mchango kwa muda, tukaenda kumwuliza daktari, tukauliza na watu wengine waliosoma mambo haya. Tuliyoyapata tunawaletea hapa, kwa sababu tunaamini kwamba tawi letu si la kwanza wala la mwisho kupata swali la namna hii.

MOYO NI MSULI

Kwanza kabisa yatupasa kufahamu moyo ni kitu gani. Moyo ni msuli, kama ilivyo misuli ya mkono na paja. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Una vyumba ndani. Ukikaza, damu inasukumwa nje kwenda mwilini. Ukilegea, damu nyingine inaingia.

Kwa mtu mzima aliyetulia moyo hupiga kama mara 70 kwa dakika. Kwa siku nzima, usiku na mchana, ni mapigo 100,000 hivi. Kila dakika hupitisha kama lita 5 za damu, na kwa siku ni zaidi ya lita 7,000. Pipa kubwa la mafuta lina lita 200. Basi moyo wa mtu mmoja kwa siku moja hufanya kazi ya kumimina mapipa 35 na zaidi, na kesho yake unaanza tena.

Moyo unapoharibika kwa muda mrefu, iwe ni kwa presha ya juu isiyotibiwa, au mishipa yake imeziba, au milango yake ya ndani imeharibika, au msuli wenyewe umepata ugonjwa, huanza kutanuka. Unakuwa kama mpira wa baiskeli uliovutwa mno: ni mkubwa, lakini hauna nguvu ya kurudi. Damu haisukumwi ya kutosha, maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu. Huko ndiko kushindwa kazi kwa moyo. Si kwamba moyo umesimama, bali unafanya kazi na haitoshi.

KWA NINI MKONO UNACHOKA?

Sasa kila mmoja wetu anajua kwamba mkono unachoka. Mkata miwa akikata mfululizo bila kupumzika, baada ya muda panga linakuwa zito. Lakini moyo haujawahi kutuomba ruhusa ya kupumzika. Ikiwa yote ni misuli, tofauti iko wapi?

Jibu tunalo jikoni. Chinja kuku uangalie nyama yake. Ya kidari ni nyeupe, ya paja ni nyekundu zaidi. Kuku hutembea kutwa nzima, kwa hiyo misuli ya paja imeumbwa kwa kazi ya polepole isiyoisha. Kidari ni cha kurukia, na kuku huruka mara chache tu, kwa nguvu nyingi na kwa muda mfupi. Mwangalie sasa njiwa, ambaye huruka mbali. Kidari chake ni chekundu iliyokolea.

Basi kuna nyuzi za msuli za aina mbili. Zipo nyuzi za haraka, zenye nguvu nyingi, ambazo huchoka upesi. Zipo na nyuzi za polepole, ambazo zina damu nyingi na hutumia hewa safi vizuri, nazo huvumilia. Katika misuli yetu mingi aina hizi mbili zimechanganyika. Msuli wa moyo ni wa aina yake peke yake. Unavumilia kuliko yote, tena hujipatia pumziko baada ya kila pigo. Kwa mtu aliyetulia, muda wa kulegea ni mrefu kuliko muda wa kukaza.

Hii ndiyo iliyokuwa shida ya wataalamu wa kwanza waliofikiri kuusaidia moyo kwa msuli mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Adrian Kantrowitz wa Marekani alichukua msuli wa kiwambo, ule ulio kati ya kifua na tumbo, akauzungushia mshipa mkuu wa damu wa mbwa, akaukaza kwa umeme. Msuli uliweza kusukuma damu, lakini ulichoka. Msaidizi anayeanguka kabla ya zamu kwisha hawezi kuachiwa kazi ya moyo.

MSULI UNAFUNDISHIKA

Mlango ulifunguliwa nchini Uingereza. Mwaka 1969 wataalamu wawili, Stanley Salmons na Gerta Vrbová, walitangaza matokeo ya majaribio yao kwa wanyama. Walikuwa wameipatia misuli ya haraka mipigo midogo ya umeme, polepole na bila kukoma, kwa muda wa majuma kadhaa. Misuli ile ikaanza kubadilika, ikawa inakaza polepole kama ile mingine. Uchunguzi uliofuata miaka ya 1970 ulionyesha kwamba hata vitu vilivyomo ndani ya nyuzi vinabadilika. Nyuzi za haraka zinageuka kuwa nyuzi za polepole zisizochoka upesi.

Yaani msuli hauzaliwi na tabia moja hata kufa. Hufuata kazi unayopewa. Lakini lazima uzoeshwe kidogo kidogo. Ukiubebesha kazi yote siku ya kwanza, utauharibu. Wafanyakazi tunalielewa jambo hili bila kufundishwa darasani. Kijana aliyetoka shuleni jana hawezi kubeba gunia siku nzima, na msimamizi anayemlazimisha atampoteza.

Faida ilipatikana, lakini kwa gharama. Msuli ukigeuka kuwa wa polepole, unapata uvumilivu na unapoteza sehemu ya nguvu na wepesi wake. Tulishike neno hili, maana tutalirudia mbele.

PARIS, MWAKA 1985

Mwezi wa Januari 1985, katika hospitali ya Broussais mjini Paris, Ufaransa, daktari Alain Carpentier na mwenzake Juan Carlos Chachques, mzaliwa wa Argentina, walifanya kazi hii kwa binadamu na ikafaulu. Mgonjwa alikuwa mwanamke mwenye uvimbe mkubwa katika ukuta wa moyo. Waliutoa uvimbe, wakatumia msuli wa mgongo wake mwenyewe kuusaidia moyo. Mwaka huohuo habari ikachapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza, na madaktari wa Marekani nao wakaanza. Baada ya hapo ikaenea Amerika ya Kusini na nchi nyingine.

Kwa nini walitumia msuli wa mgongo? Weka mkono wako wa kulia chini ya kwapa la kushoto, kwa nyuma kidogo. Kisha vuta kwa mkono wa kushoto kama unayevuta kamba kuelekea chini. Utasikia msuli unakaza. Huo ni msuli mpana sana. Unaanzia chini ya mgongo karibu na kiuno, unapanda, unapita chini ya kwapa na kushika mfupa wa juu wa mkono. Ndio tunaoutumia tunaposhusha jembe na tunapovuta kamba.

Msuli huu una sifa tatu zilizowavutia madaktari. Kwanza ni mpana na mwembamba, unaweza kukunjwa kama kitambaa. Pili, mshipa wake mkubwa wa damu na mshipa wake wa fahamu vinaingilia karibu na kwapa. Kwa hiyo waweza kuukata kule chini mgongoni, ukauinua na kuugeuza, nao ukaendelea kupata damu. Tatu, mtu akiukosa mkono haufi. Misuli mingine husaidia, ingawa nguvu ya bega inapungua.

Jambo jingine kubwa ni kwamba msuli ni mali ya mgonjwa mwenyewe. Mtu akipewa moyo wa mtu mwingine, kama alivyofanya daktari Christiaan Barnard mjini Cape Town mwezi wa Desemba 1967, mwili unaukataa kama mgeni, na mgonjwa anahitaji dawa maisha yake yote za kuutuliza mwili. Tena mioyo ya kutolewa ni michache kuliko wanaoihitaji. Msuli wa mgongo hauna shida hizo. Ndiyo maana watu wengi walifurahi na kuona kwamba ufumbuzi umepatikana.

KAZI ILIFANYWAJE?

Mgonjwa alilazwa ubavu. Madaktari walipasua ubavuni chini ya kwapa, wakaufungua msuli polepole kutoka mgongoni, wakiangalia wasiikate mishipa yake. Wakafungwa juu yake nyaya mbili za umeme karibu na mshipa wa fahamu. Kisha wakatoa kipande cha ubavu mmoja wa juu, pakawa na dirisha, wakaupitisha msuli ndani ya kifua. Halafu mgonjwa akageuzwa, kifua kikafunguliwa kwa mbele, na msuli ukazungushwa kwenye moyo na kushonwa, kama mama anavyomzungushia mtoto khanga.

Chini ya ngozi ya tumbo kikawekwa chombo kidogo chenye betri. Chombo hiki kilikuwa na waya mmoja wa kusikiliza moyo na zile nyaya mbili za kuamrisha msuli. Moyo ukipiga, chombo kinasikia, nacho kinapeleka mfululizo mfupi wa mipigo ya umeme, na msuli unakaza papo hapo pamoja na moyo. Pigo moja la umeme halitoshi kuufanya msuli wa aina hii ushike kwa nguvu. Ndiyo sababu unahitaji mfululizo.

Lakini kazi haikuanza siku ileile. Kwa majuma mawili ya kwanza msuli uliachwa upone na ushikamane na moyo. Baada ya hapo ulipewa pigo moja moja la umeme, kisha yakaongezwa juma hata juma. Mazoezi yote yalichukua kama miezi miwili. Hata yalipokwisha, mara nyingi chombo kiliwekwa kikaze msuli kwa pigo moja kati ya mawili ya moyo, ili msuli upate kupumua.

Hapa pana jambo zito. Katika miezi hiyo miwili mgonjwa alikuwa amepasuliwa kifua na mgongo, moyo wake ni dhaifu, na msaidizi bado yuko mafunzoni. Wale waliokuwa hoi kabisa, ambao ndio waliohitaji msaada zaidi, wengi hawakuweza kuvuka. Miaka ya kwanza vifo vilikuwa vingi. Madaktari walijifunza kuwachagua wagonjwa ambao moyo umeharibika lakini bado wanajimudu, na vifo vya upasuaji vikapungua.

WAGONJWA WALIONA NINI?

Kabla ya miaka ya 1990 kwisha, zaidi ya wagonjwa 1,000 duniani walikuwa wamefanyiwa upasuaji huu. Wengi wa waliopona walisema wanajisikia nafuu. Aliyekuwa hawezi kupanda ngazi alipanda. Aliyekuwa akilazwa mara kwa mara alikaa nyumbani muda mrefu zaidi. Hili si jambo dogo, na hatuna haki ya kulidharau.

Lakini madaktari walipopima kwa vyombo, walikuta ajabu. Mgonjwa anasema amepata nafuu kubwa, na vyombo vinaonyesha kwamba damu inayosukumwa imeongezeka kidogo tu. Uwezo wa mwili kutumia hewa wakati wa kazi ngumu haukuongezeka sana. Nafuu ilitoka wapi?

Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba msuli ulifanya kazi ya mshipi kuliko kazi ya pampu. Ulipouzunguka moyo uliuzuia usiendelee kutanuka, kama pete ya chuma inavyozuia pipa la mbao lisifumuke. Kukamua kwake kulikuwa hafifu. Kumbukeni tulilosema: msuli ukijifunza uvumilivu unapoteza nguvu. Zaidi ya hayo, kuukata kule mgongoni kulipunguza damu iliyofika kwenye ncha yake, na kwa wagonjwa wengine baada ya miaka sehemu ya msuli ilikonda, nyuzi zikageuka mafuta na makovu.

Tena kulikuwa na adui ambaye msuli haukuweza kumzuia. Wagonjwa wengi wa moyo dhaifu hufa ghafla kwa sababu mapigo yanavurugika. Mshipi hautengenezi mapigo yaliyovurugika.

KUJISIKIA VIZURI NA KUISHI ZAIDI

Sasa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu. Nchini Marekani wakubwa wa afya walitaka ushahidi wa aina moja tu: chukua wagonjwa wanaofanana, wagawe kwa bahati nasibu, nusu wafanyiwe upasuaji na nusu waendelee na dawa, kisha wahesabu ni nani wanaishi zaidi.

Kwa nini kuwe na usumbufu huo? Wachuma chai wataelewa mara moja. Tuseme msimamizi ameleta mbolea mpya. Akiimwaga kwenye kiunga cha bondeni penye udongo mzuri, kisha akalinganisha na kiunga cha mlimani penye mawe, ataisifu mbolea bila haki. Lazima viwe viunga viwili vya udongo mmoja na mvua moja. Vivyo hivyo kwa msuli wa moyo. Aliyechaguliwa kufanyiwa upasuaji alikuwa na nguvu kidogo kuliko mwenzake. Aliyevuka ile miezi miwili alikuwa na nguvu zaidi tena. Ukihesabu hao tu, utadhani msuli ndio uliowaokoa, kumbe huenda wangeishi hata hivyo.

Jaribio hilo la bahati nasibu lilianzishwa katika miaka ya 1990. Lilitafuta wagonjwa mia kadhaa, likapata kama 100. Waliopata msuli walijisikia vizuri kuliko wenzao, lakini haikuonekana kwamba wanaishi muda mrefu zaidi. Jaribio likasimamishwa mapema, na kampuni iliyotengeneza chombo cha umeme ikaacha kukitengeneza.

Wagonjwa walikosekana kwa sababu dawa nazo hazikukaa mahali pamoja. Mwaka 1987 madaktari wa nchi za Skandinavia walitangaza kwamba vidonge vya enalapril vilipunguza vifo vya wagonjwa ambao moyo umeshindwa vibaya. Katika miaka ya 1990 ikathibitika kwamba dawa za kupunguza mbio za moyo, zikitolewa kwa kiasi kidogo na kuongezwa polepole, nazo zinaongeza maisha. Nani angekubali kupasuliwa mgongo na kifua, ikiwa kidonge kinampa siku nyingi zaidi?

Wazo lenyewe halikufa mara moja. Mwezi wa Juni 2000 daktari Philippe Menasché wa Paris alijaribu njia nyingine. Alichukua chembe changa za msuli kutoka pajani mwa mgonjwa, zikaoteshwa kwa wingi nje ya mwili, kisha zikachomwa sindano ndani ya moyo. Jaribio la kulinganisha lilitangazwa mwaka 2008, na nguvu ya moyo haikuwa imeongezeka kama walivyotumaini. Chembe za paja hazikuungana na chembe za moyo kupokea amri moja ya umeme. Zilikaa katika nyumba moja na moyo bila kusikilizana nao.

Basi jibu la swali la mkutano ni hili. Ni kweli, jambo hilo lilifanyika, na lilifanywa na watu hodari. Lakini leo si matibabu ya kawaida popote, na hakuna sababu ya mtu yeyote kuuza shamba akilitafute. Kazi ile haikupotea yote. Ilitufundisha kwamba msuli hubadilika kwa kazi, na kwamba kuzuia moyo usitanuke kuna faida. Huko Ulaya na Marekani wagonjwa hoi hupewa pampu ya mashine au moyo wa mtu mwingine, na hayo yote ni ya gharama kubwa mno.

TUFANYE NINI HUKU KWETU?

Daktari alitwambia neno ambalo tumelikumbuka. Alisema kwamba vitu vingi vinavyouharibu moyo huku kwetu vinazuilika mapema kwa vitu vya bei ndogo. Akatupa mfano wa hapahapa Uganda.

Kuna homa inayowapata watoto baada ya kuumwa koo. Isipotibiwa, inaweza kuharibu vali, yaani milango midogo ya ndani ya moyo, na mtoto anakua na moyo mbovu. Huko Gulu, kaskazini mwa nchi, wataalamu waliwachukua watoto 818 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila wao kuhisi lolote. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma manne kwa miaka miwili, na nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya watoto 399 waliochomwa, waliozidiwa walikuwa 3. Kati ya 400 wasiochomwa, waliozidiwa walikuwa 33.

Tazameni ndugu: hivi ni vile viunga viwili vya udongo mmoja. Njia ya kulinganisha ni ileile iliyotumika kwa msuli wa mgongo. Safari hii ilimalizika na ikatoa jibu, na dawa yenyewe ni penisilini, dawa ya tangu zamani.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama mambo manne:

1. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, asingoje. Apelekwe zahanati. Mkiambiwa arudi kwa sindano nyingine, arudishwe.

2. Kila mtu mzima apimwe presha, hata kama hasikii maumivu. Presha ya juu haipigi hodi. Aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu ameona nafuu.

3. Anayevimba miguu, anayekosa pumzi akilala chali, asiambiwe kwamba ni uchovu wa kazi. Apelekwe hospitali. Zipo dawa, na kwa mambo makubwa ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, Kampala.

4. Mkisikia habari ya tiba mpya, ulizeni maswali matatu kabla ya kutoa senti. Habari hii ni ya mwaka gani? Je, walilinganisha waliotibiwa na wasiotibiwa wanaofanana? Na waliotibiwa waliishi zaidi, au walijisikia vizuri tu?

MWENZETU

Huenda mnauliza habari za mzee wetu. Tulikwenda nyumbani kwake sisi watatu, pamoja na yule mama aliyeuliza swali la jarida. Tulikaa na ukoo mpaka jioni. Haikuwa kazi rahisi kumwambia kijana aliyempenda mjomba wake kwamba tumaini alilolileta limepitwa na miaka mingi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Basi dawa alizoandikiwa, anazimeza?" Ikaonekana kwamba mzee alikuwa ameziacha tangu siku alipoambiwa habari ya msuli. Aliona haya kutumia pesa kwa vidonge wakati ukoo unakusanya pesa za safari.

Sasa anavimeza. Shamba la migomba bado ni lake, na ng'ombe wako zizini. Hatuwezi kusema kwamba amepona, maana ugonjwa huu hauponi hivyo. Ila sasa analala kwa mto mmoja, na kazini amehamishiwa kwenye mizani ya chai, mahali pasipo na kilima.

Ule mchango uliokwisha kukusanywa tuliurudisha mkutanoni, daftari mezani, kila jina na kiasi chake. Waliotaka pesa zao walirudishiwa na hakuna aliyewanung'unikia. Waliobaki walikubaliana kununua kipimo cha presha cha tawi. Siku ya kwanza kilipotumika, kila Jumamosi baada ya mshahara ndiyo siku yake, watu 5 waligunduliwa wana presha ya juu na hawakuwa na habari. Mmoja wao alikuwa katika sisi tunaoandika makala haya.